Mbuzi wa Mkwe Jairos

Dorica Mwewa hakumwogopa mtu yeyote katika ufuko wa Nchelenge isipokuwa mkwe wake. Wanunuzi wa samaki waliokuja kwa mashua kutoka Kasenga walimtazama kwanza kwa mbali, wakapima leo ameamkaje, ndipo wakasogea kuuliza bei. Alikausha samaki wetu wa Ziwa Mweru aitwaye pale, kwa moshi juu ya vichanja alivyojijengea mwenyewe, na mnunuzi akibonyezabonyeza samaki kwa kidole bila kununua, Dorica alimchapa kidole hicho kwa kijiti cha kuchochea moto. Lakini Jairos Mulenga akitokea njiani, mwanamke huyo huyo alijifunika uso kwa kitenge akaingia majanini. Mara moja aliingia kwenye matete hadi magotini, akasimama humo na kapu la samaki kichwani mpaka mkwe apite, na mimi nimeshika kiuno njiani nikiwatazama wote wawili.

Sidharau desturi. Kwetu mwanamume hazungumzi na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, havuki kizingiti chake, mpaka siku mama mkwe atakapompikia chakula cha heshima na kumwingiza nyumbani. Wengine huingizwa baada ya mwaka, wengine wakiwa tayari na watoto wa kutumwa dukani. Mpaka hapo maneno yao hubebwa na mtu wa tatu, na mtu wa tatu nilikuwa mimi. Mimi ni Chilufya wa ukoo wa Chui, Dorica alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na koo hizo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani husema asichoweza kusema ndugu, kwa hiyo kila neno la nyumba ile lilipitia kinywani mwangu. Mama anauliza kama umepata chumvi. Mkwe anasema paa la jikoni linavuja, atalitengeneza. Nilikuwa nimechoka kabla taabu yenyewe haijaanza.

Taabu ilianza mwaka wa hamsini na sita. Beauty, binti pekee wa Dorica na mke wa Jairos, alivuka ziwa na mumewe kwenda Kilwa ya ng'ambo, upande wa Wabelgiji, kumsalimu mama wa Jairos. Alikuwa mjamzito. Alijifungua huko kabla ya wakati wake na akafa huko, na habari ilitufikia akiwa ameshazikwa. Jairos alirudi na mtoto wa kiume amemfunga ndani ya koti lake. Mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo alikuwa anamleta kwa bibi. Lakini hakuweza kumweka mikononi mwa mama mkwe. Alinikabidhi mimi nje ya ua, mimi nikamwingiza kwa Dorica, naye akampokea, akamwita Mutale, akajifunika akalia. Jairos alilia upande wa pili wa ukuta ule ule. Niliwasikia wote, nikakaa katikati yao kama mtu aliyesahauliwa sokoni.

Sasa mtoto ale nini? Wanawake waliokuwa wakinyonyesha walimwogopa. Walisema mtoto aliyefiwa na mama namna ile huja na kifo chake mgongoni, nao walikuwa na watoto wao wa kuwaza. Jairos alikuwa akipakia samaki kwenye mashua za mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo, akaleta makopo ya maziwa ya unga yenye picha ya ng'ombe mnene. Ufukweni kwetu ng'ombe hawakuwepo, na watu walikuja kulitazama kopo kabla ya kumtazama mtoto. Dorica alikoroga maziwa kwa maji ya moto, akampa. Haukupita muda Mutale akatapika, akaanza kujikuna, na mwili wake wote ukatoka mabaka mekundu kana kwamba amelazwa juu ya upupu.

Hapo ndipo nilipojua idadi ya waganga tulio nao Nchelenge. Kila aliyepita uani alikuwa mganga. Mmoja alisema chupa ni chafu, tukaichemsha. Mwingine alisema maji ya ziwa ni mazito, tukachota ya kisimani. Wakasema maziwa ni mengi, tukapunguza, mtoto akakonda. Wakasema ni machache, tukaongeza, akatapika hata kile alichokunywa jana. Mzee Kapembwa, mjomba wa Dorica, alisema Jairos ana mwanamke mwingine Kilwa na mwenendo wake unamwangukia mtoto, kisha akaomba samaki wa kwenda nao nyumbani. Nilimfungia samaki wawili wadogo kuliko wote.

Mwishowe tulimpeleka misheni. Sista mmoja wa huko alimvua nguo, akamgeuza huku na huku, akauliza anakula nini, akatikisa kichwa. Alisema kuna watoto ambao miili yao haiyataki maziwa ya ng'ombe, na kwao watu huwapa ya mbuzi. Alisema kwa nia njema. Miaka ile wengi waliosoma walisema hivyo hivyo, na hata leo wapo wanaosema.

Nilipeleka neno hilo kwa Jairos, na baada ya siku chache akaleta mbuzi jike aliyezaa karibuni. Alimpata wapi, na kwa kuuza nini, hakusema. Baiskeli yake ndiyo sikuiona tena.

Ninyi mliozoea maziwa hamwezi kuelewa. Sisi tulifuga mbuzi kwa nyama, kwa mahari na kwa faini. Hakuna aliyewahi kumkama. Maziwa ya mbuzi yalikuwa ya mwana wa mbuzi, basi, na mtu mzima kumshika mbuzi chuchu lilikuwa jambo la kuchekwa mpaka wajukuu. Tena Dorica mwenyewe wa ukoo wa Mbuzi. Ufuko mzima ulikuja kutazama. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya kichanja, mimi nikamshika pembe, naye akachuchumaa nyuma yake na bakuli. Mbuzi alipiga teke bakuli, akapiga teke goti la Dorica, kisha akanikojolea mguu. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Wakamwita Mutale mwana-mbuzi, na jina hilo lilimfuata hadi alipoanza shule.

Lakini Dorica alijifunza. Alimpa mbuzi maganda ya muhogo ale huku akimkama, akamtukana kwa sauti ya upole, na yule mnyama akatulia. Mwanzoni maziwa yalikuwa machache sana. Alichanganya matone yake katika uji mwepesi wa ulezi, na mtoto hakuonekana kudhurika kuliko alivyokuwa. Tulisema Mungu ametukumbuka. Nilimpelekea Jairos habari hiyo, naye akanishika mikono yote miwili kama mtoto.

Kisha mbuzi akazoea, maziwa yakaongezeka, na kadiri yalivyoongezeka mabaka yakarudi. Tumbo la Mutale likaharisha tena. Macho yakamvimba asubuhi baada ya kunywa. Hata mtu aliyefumba jicho moja angeona yote hayo yanaletwa na nini.

"Dorica," nilimwambia, "hii maziwa iko sawa na ile ya kopo. Niende nimuambie Jairos?"

"Umuambie asanti," akasema.

"Asanti ya nini? Mutoto anavimba."

"Chilufya, ule mutu alitafuta mbuzi juu ya mutoto. Pengine aliuzisha kinga yake, ile baiskeli. Mi nimuambie mbuzi yako ni mubaya? Nitakuwa mama-mukwe wa namna gani?"

Hapo ndipo penye ugonjwa, na haukuwa tumboni mwa Mutale. Kwetu kukataa kitu alicholeta mkwe ni kumwambia yeye mwenyewe aondoke. Hukisemi vibaya, hukirudishi, hukigawi mbele ya watu. Unashukuru. Na Dorica, aliyeweza kumtukana mnunuzi wa Kasenga na babu zake wote, alishukuru.

Nilimwambia walau aniruhusu kusema kidogo. Alifikiri siku nzima, akitunga maneno ya kumfaa mkwe, kisha akanituma niseme kwamba mtoto angali analegea kidogo. Nikaenda gatini, zinapofungwa mashua.

"Mama anasema mutoto angali analegea kidogo," nikamwambia Jairos.

"Maziwa anakunywa?"

"Anakunywa. Lakini anatoka vipele. Tena macho inavimba."

"Mama ndiye anasema macho inavimba?"

"Mi ndiye ninasema."

"Na mama anasema nini?"

"Anasema asanti," nilijibu, na nilitamani kumpiga kofi.

Aliyapima maneno yote mawili. Neno la mama mkwe lilikuwa la heshima, langu lilikuwa la mtani, na neno la mtani halina uzito hata likiwa kweli. "Bon," akasema. "Mutoto hashibi. Mbuzi moja ni kidogo. Nitaleta ingine."

Akaleta mwingine. Dorica akashukuru. Mtoto akazidiwa. Mimi nikapeleka tena neno la heshima, lililooshwa na kunyooshwa mpaka halina maana, na Jairos akaleta wa tatu. Nakwambieni, nilikuwa nikiwaona mbuzi wale asubuhi wamejipanga kwenye nguzo, wanatafuna maganda yetu ya muhogo, natamani ziwa lipande liwachukue. Huku mwanamke anampenda mtoto mpaka halali, kule mwanamume anauza kila alicho nacho kwa ajili ya mtoto yule yule, na kati yao wanamlisha kinachomuua kwa adabu nzuri kabisa.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliyesomea uuguzi alinieleza. Maziwa yana protini, sehemu ile inayoganda ukiyatia ndimu. Kuna watoto ambao mwili wao huichukulia protini hiyo kama adui, ukapigana nayo, na vita hivyo ndivyo vipele, kutapika na pumzi kubana. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana kama watoto wa mama mmoja, kwa hiyo mwili uliokwisha kumchukia mmoja humtambua mwenzake akiwa bado mlangoni. Kuchemsha huua vijidudu, hakubadilishi sura hiyo vya kutosha. Nilimwuliza mbona hakuzaliwa mapema. Alicheka. Mimi sikuwa nikitania.

Asubuhi iliyomaliza mambo, mbuzi wote watatu walikuwa wametoa maziwa vizuri. Mutale alikuwa na miezi minane, mwepesi kama kapu tupu. Dorica alimpa kikombe kizima bila uji, akidhani njaa ndiyo inayomlegeza, kwa kuwa ndivyo Jairos alivyosema, na neno la Jairos nililileta mimi na halikubishiwa. Mtoto alimaliza. Tukiwa bado tunageuza samaki, midomo yake ikaanza kuvimba. Ikavimba mpaka kinywa kikashindwa kufungika, macho yakazama, na pumzi ikaanza kupiga mluzi.

Nilisema nakimbia kumwita Jairos. Dorica alishamnyakua mtoto. Hakuchukua kitenge cha kujifunikia. Aliteremka ufukweni kichwa wazi, kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana, na mimi nyuma yake nikihema.

Gatini wanaume walikuwa wakipakia. Walipomwona anamwendea mkwe wake moja kwa moja waliacha kazi, wengine wakageuza nyuso kwa aibu. Jairos alipotambua ni nani, aliinama na kumpa mgongo, kama heshima inavyotaka. Dorica akamzunguka akasimama mbele yake. Jairos akageuka tena. Dorica akazunguka tena. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka jioni, na mtoto anapiga mluzi katikati.

"Jairos, uniangalie," akasema Dorica.

Wapakiaji walifunika vinywa. Nadhani hata mimi nilifunika changu.

"Uniangalie, halafu umuangalie mutoto. Hii ni maziwa ya mbuzi yako. Kila siku anakunywa, kila siku anavimba. Ya kopo ilikuwa vile vile. Mi nilikuwa ninasema asanti. Sasa sisemi tena asanti. Uniambie, pa kwenu muko na batu ya namna hii?"

Jairos alimtazama mtoto kwanza. Kisha, polepole, akainua macho akamtazama yeye.

"Mi mwenyewe, mama," akasema. "Nilipokuwa mudogo, pa misioni bamompe, bale bapadri, walikuwa na mbuzi. Walitupatia maziwa. Midomo yangu ilivimba sawa hii. Walinipiga, walisema ninajifanya. Tangu ile siku sikunywa tena."

"Na haukusema?"

"Nani aliniuliza, mama? Masere, ule sista, alisema mbuzi. Nilifikiri yeye anajua."

Ni kweli, hakuna aliyemwuliza. Nilikuwa nimebeba maneno kati ya watu hawa tangu harusi, na swali hilo moja, ambalo mama mkwe yeyote angemwuliza baba wa mtoto wakikaa pamoja jikoni, halikupata njia. Nilikasirika mpaka nikakaa juu ya gunia la mtu.

Walikwenda misheni pamoja, bega kwa bega, wakipokezana mtoto, na watu walitoka majumbani kuwatazama. Mimi nilifuata. Walipofika pumzi ilikuwa imeanza kufunguka. Sista alimdunga sindano, akakaa naye mpaka uvimbe ukashuka, na akasema kuanzia leo asiguse maziwa ya mnyama yeyote. Hakubishana, wala hakujitetea. Alionekana kuchoka kama sisi.

Dorica alirudi akaanza upya. Alipika uji wa ulezi, akautia karanga zilizotwangwa mpaka zikatoa mafuta, akachambua miiba ya samaki kwa vidole na kuponda nyama yake laini. Kwanza alimwonjesha kidogo, akakaa akimtazama midomo. Na katikati ya milo alimweka kwenye titi lake mwenyewe. Watu walisema titi la bibi ni kamba tu. Mtoto alinyonya kamba hiyo kwa hasira wiki kadhaa, na siku moja maziwa yakatoka. Hayakuwa mengi. Yalikuwa ya mtu, na mwili wake haukuyapinga. Mabaka yalififia, mapaja yakajaa, na akaanza kupiga kelele za mtoto anayedai kitu.

Ndipo Mzee Kapembwa alipokuja na wazee wengine wawili. Walikaa uani wakasafisha makoo. Walisema Dorica ameuvua ukoo nguo mbele ya watu wa gatini, amemwita mkwe kwa jina, amemtazama usoni kabla ya kumpikia. Jambo hilo lazima lilipiwe faini. Dorica aliuliza faini ni nini. Wakasema mbuzi.

Sikuwahi kumwona Dorica akisimama haraka namna ile. Alifungua kamba zote tatu akamwekea mjomba wake mkononi.

"Mubebe yote," akasema. "Tena leo."

Wazee walitazamana. Walikuwa wamejiandaa kuombwa wapunguze. Waliondoka wakivutwa huku na huku na mbuzi waliozoea maganda yetu, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa mara ya kwanza tangu Beauty azikwe.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya ziwa, Jairos alikuja kumwona mtoto. Alisimama nje ya ua kama alivyozoea, akaniita nimletee. Nilikuwa nimeshainuka, maana miguu yangu ilikuwa imezoea ujinga huo. Dorica akanizuia kwa mkono.

"Ingia," akamwambia yeye. "Kama ni faini, nimeshalipa."

Aliingia. Alikaa chini karibu na mlango, akampakata Mutale, wala hakujua aweke macho wapi. Nilingoja wazungumze habari za uji. Dorica alikuwa akichambua karanga, akaacha.

"Jairos, mutoto wangu alikufa namna gani?"

Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita. Sikuwahi kuwaza kwamba hajui. Habari aliyoipata ilikuwa ile iliyoletwa na wavuvi, kwamba amejifungua, amekufa, amezikwa, na baada ya hapo aliyeyaona kwa macho yake alikuwa akipita njiani huku Dorica akijificha kwenye matete.

Jairos alimweleza. Alisema damu ilitoka tangu alfajiri na wanawake wa Kilwa hawakuweza kuizuia. Alisema yeye alimshika Beauty mkono, na kwamba Beauty alimwona mtoto, alimwona vizuri, akamshika sikio.

"Alisema nini?" akauliza Dorica.

"Alikuita wewe, mama. Kila mara mulango ulifunguliwa, aliuliza kama ni wewe."

Machozi yalimtoka Dorica na hakuyafunika.

"Mwaka muzima unakaa na ile neno," akasema. "Chilufya alikuwa hapa kila siku. Kwa nini haukumupa?"

Jairos alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Ile haikuwa neno ya kumupa mutu mwingine abebe," akasema.

Dorica alijifuta uso kwa kiganja. Alisogeza kigoda chake mpaka karibu na mkwe wake, akamwambia aanze tena, tangu walipotoka nyumbani, na asiruke kitu.